Kiuno cha Yasinta na Mkasi Wangu

Mwalimu wenu wa ushonaji alikuja nyumbani kwangu akaniomba niwaandikie mambo mawili matatu ya kazi. Nikamwambia ninalo moja tu, na silipendi. Akasema, "Andika hilohilo, Mama fundi." Basi wanangu, kama mlitegemea nitawafundisha kukata kola, ulizeni simu zenu. Siku hizi simu zinajua kila kitu isipokuwa kufunga mdomo, na mtaona huko mbele nina sababu ya kuzisema.

Nimeshona zaidi ya miaka thelathini, yote hapahapa Sumbawanga, na karibu yote katika chumba kimoja chenye dirisha linalotazama barabara. Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu walivuka mpaka Zambia kufuata vitenge. Mimi safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kwenye cherehani mpaka jikoni, na mwezi wa saba, upepo ukianza kupenya chini ya mlango, hata hiyo niliiahirisha. Mume wangu alitangulia mapema. Watoto wangu wawili wako mbali, mmoja Mwanza, mmoja Dodoma, na kila Jumapili baada ya misa wananipigia kuniuliza kama nimekula. Macho yamekataa kutunga uzi. Cherehani nimeifunika shuka, juu yake nimeweka redio, na redio ndiyo inayonisemesha.

Kabla sijasema kosa langu, niwatajie aliyenifundisha nisilifanye. Bi Salima alikuwa mwanamke wa Kirando, kule chini ziwani, aliletwa huku juu na ndoa, akakutana na baridi yetu, akaichukia mpaka siku ya kufa kwake. Alishona amejifunga kanga mbili na juu yake sweta la mumewe. Mimi nilifika kwake na cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha, nikajiona nimemfanyia hisani. Siku ya kwanza akanipa blauzi ya mke wa katekista niikate. Nikakata mikono miwili, yote ya kushoto. Bi Salima akaiweka mezani pamoja, akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu, huko sekondari mkono wa kulia mliufikia, au shule ilifungwa kabla?"

Nilicheka mwaka uliofuata. Siku ile nililia.

Alinipa sheria mbili. Ya kwanza, vipimo vya mtu ni siri. Daftari lake la vipimo lililala chini ya godoro, na aliniambia kiuno cha mteja ni kama maungamo yetu Wakatoliki, ukikitaja sokoni umekwisha kazi. Ya pili ilihusu kile kitambaa cha ziada tunachokiacha ndani ya mshono, ambacho yeye alikiita akiba. "Usikate akiba. Acha vidole viwili kila upande. Mwili wa mtu haukai mahali pamoja. Leo mwembamba, kesho mjamzito, mwakani mgonjwa, mwaka wa pili kapona. Nguo isiyo na akiba ni nguo inayomwambia mtu asibadilike."

Wakati ule akiba ilikuwa na kazi. Mavuno yakiisha, mahindi na ulezi vikiwa ndani, wanawake waliingia dukani wakicheka: "Fundi, nifungulie huku, nimebanwa." Aliyenenepa alikuja kwa maringo kama aliyefaulu mtihani. Aliyekonda alipitia mlango wa nyuma, na Bi Salima alimchukulia vipimo polepole, akimuuliza habari za nyumbani. Siku hizi imegeuka. Aliyekonda anapigwa picha. Aliyenenepa ndiye anayepitia mlango wa nyuma.

Yasinta aliingia kwa mlango wa mbele, wiki ya kwanza ya Kwaresima.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, anafanya kazi kwenye duka la steshenari, anachapa barua za watu na kutoa fotokopi. Mama yake ni mkulima kijijini Kate, kwa hiyo hapa mjini binti alipanga chumba peke yake. Mchumba wake alikuwa mwalimu wa shule huko Namanyere. Harusi ilipangwa mwezi wa nane. Alikuwa binti mkubwa wa mwili, wa kucheka, mwenye mashavu ya kukutamanisha kuyafinya.

"Shikamoo Mama fundi."

"Marahaba mwanangu. Vua sweta nikupime."

Kiuno, inchi thelathini na sita. Nikaandika. Akachungulia daftari, akaniwekea kidole juu ya namba.

"Hapo andika thelathini na mbili."

"Nikiandika thelathini na mbili na wewe una thelathini na sita, hizo nne nitaziweka wapi? Nikuwekee kwenye mkoba?"

"Nitakuwa nimepungua, Mama. Wewe kata gauni. Mimi nitalifuata."

Nikacheka. Nikakata thelathini na mbili. Mabinti, kosa la kwanza huwa linakuja na kicheko, ndiyo maana hulioni likiingia. Fundi anapima mwili ulio mbele yake, hapimi mwili anaosimuliwa. Nililijua hilo tangu enzi za mikono miwili ya kushoto.

Na hapa niwe mkweli: kupungua si dhambi. Wapo waliopungua vizuri mikononi mwangu, wakitembea jioni, wakiacha soda na maandazi, wakila ugali wao na maharage yao, nusu inchi baada ya nusu inchi, ngozi inang'aa. Wengine walitumwa na daktari. Yasinta hakutumwa na daktari. Alitumwa na simu. Kulikuwa na kundi huko ndani ya simu, mabinti wa harusi peke yao, na mwalimu wao ambaye hakuna aliyewahi kumwona uso. Asubuhi, maji ya moto na ndimu. Mchana, tango. Jioni, yai moja, ute tu, kiini umpe paka. Halafu ukimbie. Asubuhi ukimbie na jioni ukimbie, tumboni umejifunga mfuko wa nailoni ili jasho litoke. Kwa kuwa ilianza Kwaresima, hakuna aliyeshtuka. Mkatoliki akikataa chakula Kwaresima, watu husema huyu kashika dini. Pasaka ilipofika sote tukarudi kwenye nyama. Yeye akabaki kwenye tango.

Kila Jumamosi saa nane alikuja kujaribisha gauni. Nataka mnielewe vizuri hapa, maana ndipo penye aibu yangu. Gauni la harusi linahitaji kujaribishwa mara tatu, labda nne. La Yasinta lilijaribishwa kila wiki, kwa sababu kila wiki mwili wake ulikuwa umebadilika. Na mimi Jumamosi nilianza kuamkia kufagia. Nilipika uji wa ulezi mzito, nikachemsha maharage, mara nyingine nikapata samaki wa mgebuka kutoka ziwani nikamkaanga. Chumba kilinukia kama cha mtu mwenye wageni. Akifika tulizungumza mpaka jua linapoinama. Alinisimulia barua anazochapa za watu, wanaoomba kazi, wanaoachana, wanaodai mpaka wa shamba. Tulicheka. Nikimpa sahani, anasema, "Nimekula, Mama." Namwambia, "Umekula nini?" "Nimekula tu." Basi nakula yake na yangu. Yeye akapungua, mimi nikanenepa. Ungetuweka pamoja kwenye mizani, uzito ulikuwa uleule.

Alipofika thelathini na mbili nilimshangilia. Gauni lilimkaa kama limemwagwa. Akajigeuza mbele ya kioo, akakunja uso.

"Tufike thelathini."

"Mwanangu, gauni limekukaa."

"Limekaa, lakini tumbo linaonekana. Wenzangu kwenye kundi wako ishirini na nane."

Nikapunguza. Wiki chache baadaye, thelathini kamili. Siku hiyo akanishika mkono ulioshika mkasi.

"Mama, hiki kitambaa kilichobaki ndani, kikate."

"Hii akiba haikatwi."

"Ikiwepo nitajua kuna mahali pa kurudi. Ikate. Nisiwe na pa kurudi."

Bi Salima alikuwa kaburini miaka mingi, na mkasi niliokuwa nao ulikuwa wake. Ningeweza kusema hapana. Ningemwambia gauni liko tayari, mwanangu, chukua uende, tuonane kanisani. Lakini gauni likiwa tayari, Jumamosi zinaisha. Niliwaza hivyo, wanangu, kwa maneno hayohayo. Nikakata. Vile vipande vyembamba vya satini vilianguka sakafuni, naye akaviokota akavitia kwenye pochi, amefurahi kama mtoto.

Sasa niwaambie kitu ambacho simu haitawaambia, maana simu haina mikono. Mtu anayepungua vizuri hupungua tumbo na kiuno, mabega yakabaki pale pale. Ukizungusha futi ya kupimia begani ukakuta bega nalo limeingia, mkono wa juu umekonda mpaka futi inateleza, huyo hapungui. Huyo anabomoka. Mwili umekosa cha kula, umeanza kujila wenyewe. Shika vidole vyake, utavikuta vya baridi hata jua likiwa kali. Futi yako itanasa nywele, na si moja. Mdomo wake utanuka kitu fulani kama ndizi iliyoiva ikapitiliza. Atasimama akijishikilia kwenye meza huku anajidai anatazama kitambaa. Na atakasirika kwa jambo dogo, kisha alie, kisha aombe radhi.

Yote hayo niliyapima. Bega liliingia mwezi wa sita. Nikaandika kwenye daftari, nikafunga daftari. Siku moja nikamuuliza kuhusu siku zake, maana nguo nyeupe fundi lazima aulize. Akasema, "Hizo zimesimama miezi mitatu. Kwenye kundi wanasema ndiyo dalili kwamba mwili unachoma mafuta." Nikasema, "Mh." Fundi wa miaka thelathini, mama wa watoto wawili, na nilichokuwa nacho cha kusema ni "Mh."

Kisha akaanza kuchechemea. Mguu wa kulia, chini ya goti, kwenye muundi. Alisema ni msuli, unaisha akipasha. Aliendelea kukimbia. Nilimwona dirishani mwangu saa kumi na mbili asubuhi, barabara nyeupe kwa umande ulioganda, watu wamejifunika mablanketi mpaka puani, yeye anakimbia kwa hatua moja nzima na moja nusu.

Jumamosi ya mwisho gauni nilikuwa nimelipunguza tena mpaka ishirini na nane, akiba nayo nimeikata, na nilikuwa nimempigia pini ubavuni. Futi ilisema ishirini na saba. Akasema, "Mama, taa imezimika?" Ilikuwa mchana, na taa sikuwa nimewasha. Akaanguka. Hakuanguka kama mtu, alianguka kama nguo inayoteleza kwenye hanga, bila kishindo, na hilo ndilo lililonitisha, kwamba mtu mzima ameanguka na sakafu haikusema kitu. Nikamlaza, nikachomoa pini moja moja, nikamnywesha maji ya sukari kwa kijiko. Alipofumbua macho hakuuliza amekuwaje.

"Maji haya umeweka sukari?"

"Nimeweka."

"Vijiko vingapi?"

Nikaweka kijiko chini. Akanishika kanga.

"Usimwambie mama yangu. Wewe mwenyewe uliniambia vipimo vya mtu ni siri. Uliniambia au hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Basi."

Akaondoka. Nikakaa kwenye kiti cha cherehani. Sahani mbili zilikuwa mezani, na siku hiyo sikula hata moja. Nilijaribu kujiambia kwamba sheria ni sheria. Lakini Bi Salima aliniambia kiuno cha mtu kisitajwe sokoni. Kate si sokoni, na mama wa mtu si soko. Jumatatu asubuhi nikavaa viatu vya misa, nikapanda gari kwenda Kate. Mimi huyo. Jirani aliponiona na mkoba barabarani alidhani nimefiwa.

Mama Yasinta nilimkuta anapiga ulezi uwanjani kwake, kifua kimejaa vumbi la makapi. Tulisalimiana. Akanipa kigoda. Nikamwambia mwanao hali chakula, anakimbia, ameanguka kwangu. Alinisikiliza akipepeta, kisha akacheka.

"Fundi, umetoka Sumbawanga mpaka huku kuja kuniambia mabinti wa mjini wanataka kukonda? Hilo hata mbuzi wa hapa wanalijua. Akizaa wawili atarudi."

Nikatoa futi kwenye mkoba, nikaikunja kuwa pete, nikabana na pini kwenye ishirini na saba, nikamwekea mikononi.

"Hiki ndicho kiuno cha Yasinta. Juzi."

Akaitazama. Akaiinua, akaitazama tena kama anayetafuta mwisho wake. Mjukuu wake wa darasa la sita alikuwa anapita na ndoo. Akamwita, akamshushia ile pete kutoka kichwani. Ikapita mabega, ikafika kiunoni, ikamkaa barabara. Mtoto akacheka, akauliza, "Bibi, unanishonea?" Mama Yasinta akamvua ile pete. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka amejifunga kanga nyingine.

"Gari la kurudi ni saa ngapi?"

Tulimkuta chumbani kwake, amekaa kitandani, mguu ameuweka juu ya ndoo iliyogeuzwa. Hakumtazama mama yake. Alinitazama mimi.

"Umeniuza, Mama fundi."

"Nimekuuza," nikasema. Neno lile lilikuwa kweli.

Hospitali walimpiga picha mguu, wakakuta mfupa una ufa. Si kwa kuanguka, ni kwa kukimbia bila kula. Daktari, kijana mdogo mwenye miwani, alitueleza taratibu. Mfupa unajengwa na chakula. Anayekimbia kila siku huku hali chakula anaubomoa mfupa na hana tofali la kuujengea tena. Siku za mwezi zikikatika, mwili ndio unaopiga kengele, maana umefunga vyumba usivyoweza kuvihudumia. Kisha akasema jambo lililomfanya Mama Yasinta ashike ukingo wa meza: moyo nao ni msuli. Mwili ukianza kula misuli hauulizi huu ni wa mkono au ni wa moyo. Mapigo ya Yasinta yalikuwa yanakwenda polepole mno, na chumvi za mwilini zilikuwa zimechezacheza. Angeweza kuanguka barabarani asiinuke.

Mama yake alitaka kumpikia ugali wa ulezi sufuria nzima saa ileile. Nesi akamzuia. "Mama, aliyeshinda na njaa muda mrefu hashindiliwi. Ukimjaza ghafla unaweza kumuua. Kidogo kidogo, na sisi tunampima damu." Yakumbukeni hayo hata mkisahau yangu yote. Hata kurudi kwenye chakula kuna njia yake.

Mchumba alifika kutoka Namanyere na viatu vimejaa vumbi. Akasimama mlangoni, mkononi ana mfuko wa machungwa. "Mimi nilidhani ni malaria," akasema. "Kila nikimwuliza anasema ni malaria." Hakuna aliyemtuma apungue, yule kijana hakujua hata mchumba wake ana inchi ngapi. Harusi ikaahirishwa.

Mngedhani hapo ndipo hadithi inapoishia. Mgonjwa anakula, mfupa unaunga. Lakini mlisahau gauni, kama mimi nilivyolisahau. Alikuwa amelichukua siku ile alipoanguka kwangu, na aliporuhusiwa kwenda Kate kwa mama yake akalitundika ukutani, mkabala na kitanda. Wiki ya tatu Mama Yasinta akaja kwangu, akakaa bila kuvua kanga kichwani.

"Fundi, njoo uchukue gauni lako. Linamtazama mwanangu. Akila vijiko vitano analitazama, anaacha cha sita. Juzi nimemkuta analijaribu, zipu imekataa, analia. Nikamwambia litafunguliwa tu, fundi atalifungua. Akaniambia halifunguki."

Halikuwa na pa kufungulia. Niliikata akiba kwa mkono wangu, na sasa kulikuwa na binti huko Kate anachagua kati ya kijiko cha sita na gauni lisilojua kumsamehe. Nilikwenda. Mara ya pili katika miezi michache, jirani akaacha kushangaa. Yasinta alikuwa amekaa nje juani, mashavu yameanza kurudi kidogo. Nikaingia ndani nikalishusha, nikatoka nalo, nikakaa kwenye kigoda mbele yake, nikatoa kiwembe changu cha kufumulia. Nikaanza na ubavu wa kulia.

"Unafanya nini?" Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu siku ile.

"Nafumua."

"Lishone vizuri. Nitalifikia."

"Hulifikii. Na mimi sishoni tena gauni linalokusubiri upotee ndio likupende."

Akalia. Akanitukana pia, matusi mawili ya mjini ambayo mama yake kwa bahati hakuyajua. Nikaendelea kufumua. Mishono ya mkono inachukua muda, na nilikuwa nimeishona vizuri, nilijilaani kwa ustadi wangu. Mpaka jua linakuwa la manjano gauni lilikuwa vipande kumi na moja juu ya mkeka. Halikuwa gauni tena, lilikuwa satini. Akaokota kipande kimoja, cha kiuno cha mbele, akakitandaza gotini. Kilikuwa kidogo kuliko leso.

"Nilikuwa humu ndani?" akauliza.

Mama yake akaleta bakuli la uji, akaliweka kati yetu, akarudi zake jikoni. Mimi nikakusanya vipande vyangu nikaondoka, kwa sababu nilijua akinywa hatakubali anywe mbele yangu.

Hilo lilikuwa gauni la mwisho la harusi nililolikata. Nimeshona sare za shule baada ya hapo, na mapazia, na pazia halina kiuno. Jumamosi saa nane ilikuja kila wiki kama kawaida. Nikaacha kupika kwa watu wawili, ingawa mkono ulichukua muda kuelewa, nikawa natia maharage sufuriani halafu napunguza.

Basi wanangu. Atakuja mteja atakayekwambia, kata ndogo, nitaifuata. Mpime alivyo, mshonee alivyo, mwache na akiba yake. Akirudi amepungua, pima na bega. Bega likiingia, weka futi mezani, mketishe, mwambie unachokiona. Asiposikia, tafuta anayempenda kuliko wewe unavyopenda ujio wake. Atakuchukia. Chuki hiyo ichukulie kama pini: itakuchoma, na kazi itaendelea.

Harusi ilifanyika mwaka uliofuata, baada ya mavuno. Kadi ililetwa na Mama Yasinta mwenyewe. Gauni alishonewa na fundi mwingine, kijana wa mjini mwenye cherehani ya umeme, na bega la kushoto lilikuwa limepanda kidogo. Nilikalia mikono yangu isije ikanyanyuka kwenda kulirekebisha. Nilikuwa meza ya nyuma ukumbini, karibu na mlango, na watu nisiowajua waliokuwa wanazungumza juu ya kichwa changu.

Keki sikuihesabu. Keki ni maigizo, mtu anaweza kuihifadhi shavuni. Nilingoja sahani. Ilipofika mbele yake, wali, nyama, maharage, akaitazama, mikono yake ikiwa chini ya meza. MC alikuwa anapiga kelele, bwana harusi anaongea na msimamizi wake. Hakuna mwingine aliyekuwa anaangalia. Nikamwona anainua kijiko. Akala. Akala tena. Kisha akamwita mhudumu, akamwonyesha kwa kidole bakuli la mgebuka, akaongezewa.

Alipoinua uso akaniona. Ukumbi mzima ulikuwa kati yetu. Hakutabasamu, wala hakunipungia mkono, wala hakutazama pembeni. Aliendelea kutafuna.